Mashine ya uchapaji ikisimama ghafla: hasara iko katika kuiwasha tena

MFANYABIASHARA anayepeleka kiwandani kazi ya kalenda, lebo, madaftari au vitabu vya risiti kwa kawaida huuliza mambo mawili tu: bei, na siku ya kuchukua mzigo. Ni wachache wanaouliza kazi yao itakuwaje endapo mashine itasimama ghafla karatasi zikiwa njiani. Mwekezaji mdogo anayenunua mashine iliyotumika naye huuliza mwaka wa kutengenezwa, idadi ya rangi na kasi yake. Naye pia husahau swali hilo hilo.

Hata hivyo, katika biashara ya uchapaji, iwe Kariakoo mjini Dar es Salaam au Eneo la Viwanda la Nairobi, kusimama kwa mashine si ajabu wala si hasara kubwa. Mashine inayosimama kwa sababu ya usalama imefanya kazi yake. Dakika zinazofuata ndizo za kuangaliwa. Zikiendeshwa kwa utaratibu, mwenye kiwanda hupoteza karatasi chache na muda kidogo. Zikiendeshwa kwa papara, anaweza kupoteza pleti, blanketi la mpira, sehemu ya mzigo wa mteja, na mkono wa fundi wake.

KWA NINI HUSIMAMA

Mashine ya ofseti inayotumia karatasi zilizokatwa ina njia kadhaa za kujisimamisha. Ya kwanza ni kitufe cha dharura, kile chekundu kilichowekwa juu ya bamba la njano, ambacho hubonyezwa na mtu aliyeona hatari. Ya pili ni kikinga, yaani mfuniko au wavu unaozuia mikono isifike kwenye rola. Kikinga kikifunguliwa, swichi iliyofichwa pembeni yake hukata mwendo. Ya tatu ni vifaa vya kupima karatasi: zikiingia mbili kwa pamoja au moja ikikaa upande, mashine husimama kabla karatasi hazijajikunja ndani ya silinda. Ya nne, inayojulikana sana katika nchi zetu, ni umeme kukatika.

Sababu hizi hazilingani uzito, na kila moja ina njia yake ya kurudisha kazi. Fundi anayezichukulia zote kuwa kitu kimoja, akabonyeza kitufe cha kuwasha bila kuuliza, anacheza kamari kwa mali ya mwenzake.

KITUFE CHEKUNDU SI KUFULI

Wengi hudhani kwamba kitufe cha dharura kikishabonyezwa mashine imekuwa salama kabisa, na mtu anaweza kuingiza mkono. Hilo ni kosa. Kitufe hicho husimamisha mwendo, lakini ndani ya kabati la umeme bado kuna moto, mabomba ya kompresa huwa bado na hewa yenye nguvu, na taa za kukaushia wino, kwa mashine zenye taa hizo, hubaki na joto kali. Aidha, silinda za chuma ni nzito, na zinaweza kuendelea kuzunguka kidogo baada ya mota kukatiwa umeme.

Kwa hiyo kazi yoyote inayomtaka fundi aingize mikono ndani, kama kutoa karatasi zilizojikunja au kubadili blanketi, inataka hatua zaidi. Swichi kuu izimwe, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayefanya kazi hiyo. Wakiwa mafundi wawili, ziwe kufuli mbili. Nchini Marekani utaratibu huu wa kufuli umekuwa sharti la serikali kwa viwanda tangu mwaka 1990. Mwenye kiwanda kidogo haitaji mtaji mkubwa kuufuata, maana kufuli ya kawaida inauzwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Jambo la pili kuhusu kitufe hicho linahusu kukirudisha. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13850 kinasema wazi kwamba kukiachia kitufe cha dharura kusiiwashe mashine. Kuachia ni kutoa ruhusa tu. Kuwasha ni tendo lingine, la makusudi, linalofanywa kwa kitufe kingine. Mashine inayoondoka yenyewe mara kitufe chekundu kinapozungushwa na kuachiwa ni mbovu, hata kama inachapa vizuri namna gani.

KARATASI MBILI KWA SEKUNDE

Hatari ya mashine ya uchapaji iko pale ambapo rola au silinda mbili zinakutana zikizunguka kuelekeana. Chochote kinachogusa hapo huvutwa ndani: karatasi, tambara, mkono wa shati, kidole. Ajali inayofahamika sana katika kazi hii ni ya fundi anayefuta silinda kwa tambara huku inazunguka. Tambara hushikwa kwanza, na mkono hufuata kwa sababu fundi hakuliachia mapema.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kasi inayozungumzwa. Heidelberg GTO 52, mashine iliyoenea katika viwanda vidogo, imetengenezwa kuchapa hadi karatasi 8,000 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya karatasi mbili kila sekunde, na silinda huzunguka mara moja kwa kila karatasi. Mtu anayeshtuka na kuchukua nusu sekunde kuuondoa mkono wake atakuta silinda imemaliza mzunguko mzima.

Ndiyo maana mashine hizi zina kitufe cha kusogeza polepole. Fundi akikishikilia, silinda husogea kidogo, na akikiachia husimama. Wakati wa kurudisha kazi baada ya kusimama, kitufe hicho ndicho cha kutumia kwanza. Kitufe cha kukimbiza mashine hutumika mwisho.

UTARATIBU WA KURUDISHA KAZI

Viwanda vinavyofanya kazi hii kwa utaratibu hufuata mpango unaofanana, ingawa kila mashine ina kitabu chake cha maelekezo ambacho ndicho cha kusikilizwa kwanza.

Kwanza, hujulikana nani aliyesimamisha na kwa nini. Kanuni nzuri ni kwamba aliyebonyeza kitufe cha dharura ndiye anayesema kiachiwe. Mashine ya rangi nne ni ndefu, na aliyesimama upande wa kutolea karatasi hamwoni aliyeinama upande wa kulishia. Kama kitufe kimebonyezwa na mtu asiyejulikana, msimamizi wa zamu huizunguka mashine yote kabla ya neno lolote.

Pili, sababu huondolewa huku swichi kuu ikiwa imefungwa. Karatasi zilizokwama hutolewa zote, hadi vipande vidogo. Vifaa huhesabiwa: spana ngapi zimeingia na ngapi zimetoka, matambara mangapi. Spana moja iliyosahauliwa kati ya silinda inaweza kugharimu zaidi ya faida ya mwaka mzima.

Tatu, vikinga vyote hurudishwa mahali pake na kufungwa. Mashine isiyokubali kuwaka kwa sababu kikinga kimoja kiko wazi haina ubovu, inasema kweli. Dawa ni kukifunga kikinga hicho. Kuunganisha waya ili swichi idanganyike ni kuondoa mlinzi na kuacha mlango wazi.

Nne, watu huhesabiwa, na kila mmoja hujibu kwa sauti. Kelele za kiwandani haziruhusu kudhani.

Tano, kitufe cha dharura huachiwa na mashine hubaki kimya. Ndipo fundi mmoja tu, aliyekabidhiwa, hubonyeza kitufe cha kuwasha. Katika mashine nyingi mbonyezo wa kwanza hupiga kengele pekee, na mwendo huja kwa mbonyezo wa pili baada ya kungoja kidogo. Kengele hiyo ipo ili aliye karibu ajiondoe. Fundi anayebonyeza mara mbili kwa haraka kana kwamba anagonga mlango ameiondolea kengele maana yake.

Sita, silinda huzungushwa polepole zikiwa zimeachana, bila karatasi na bila rola za wino kugusa pleti. Macho na masikio hutumika hapa. Mlio mgeni ukisikika, mashine husimamishwa tena. Pakiwa shwari, rola za maji hushushwa, kisha za wino, halafu karatasi chache hupitishwa na kukaguliwa moja moja kabla ya kurudi kwenye kasi ya kazi.

Mashine ikiwa imesimama kwa muda mrefu, kuna kazi zaidi. Wino huanza kukauka kwenye rola na huenda ukahitaji kuoshwa. Pleti za alumini nazo huharibika zikiachwa wazi zikauke, hivyo hupakwa gundi maalumu ya kuzilinda. Fundi aliyesahau gundi hiyo atakuta karatasi zinatoka na uchafu wa wino mahali panapotakiwa kuwa peupe, na mara nyingine hakuna dawa ila pleti mpya. Kuosha nako kuna hatari yake. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto kwa cheche ndogo, na cheche hazikosekani pale mota inapowashwa. Dawa ya kuoshea iliyoelekezwa na mtengenezaji ndiyo ya kutumiwa, matambara yatiwe katika ndoo ya chuma yenye kifuniko, na mvuke upewe muda wa kutoka kabla ya mashine kuwashwa.

UMEME UNAPORUDI

Tanzania ilipita katika mgao mkali wa umeme mwaka 2006, mwaka 2011, na tena mwishoni mwa 2023. Hata nje ya vipindi hivyo, nguzo huanguka na transfoma huungua. Umeme unapokatika, mashine husimama bila mtu kubonyeza chochote, na hapo mafundi hujisahau. Wengine hufungua vikinga wakatoa karatasi kwa mwanga wa simu, swichi zote zikiwa bado zimewashwa.

Mashine iliyofungwa vizuri haiondoki yenyewe umeme unaporudi, kwa kuwa kontakta yake hubaki wazi hadi mtu abonyeze kitufe. Mashine kuukuu iliyochezewa na mafundi wengi inaweza kuwa imepoteza kinga hiyo. Kwa hiyo sheria ya kwanza giza linapoingia ni kuzima swichi kuu, kabla ya kutafuta mshumaa au kuwasha jenereta.

Liko pia jambo la fezi. Mota kubwa za viwandani hutumia fezi tatu, na mpangilio wa fezi hizo ndio unaoamua mota izunguke upande gani. Fundi akikosea kuunganisha nyaya baada ya matengenezo ya laini, au jenereta ikiwa imeunganishwa kinyume, mota huzunguka kinyumenyume. Kwa mashine ya uchapaji hilo linaweza kuvunja meno yanayokamata karatasi na kuharibu mfumo wa kulisha. Fezi moja ikikosekana, mota huguruma, hupata joto na mwishowe huungua. Kipo kifaa kidogo cha kusimamia fezi ambacho hukataa kuruhusu umeme kama mpangilio si sahihi au fezi imepotea. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kusuka mota upya.

HESABU YA MZIGO

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayetaka kalenda 10,000 za rangi nne, zinazochapwa kwenye mashine ya rangi moja. Kila karatasi itapita mara nne, yaani mipito 40,000. Kwa mwendo wa 5,000 kwa saa, ni saa nane za kuchapa tupu, bila kuhesabu kubadili pleti na kungoja wino ukauke.

Tuseme kila mara mashine inapowashwa tena karatasi 50 huharibika hadi rangi itulie, na mwenye kiwanda ameweka karatasi 400 za ziada. Mashine ikisimama mara mbili katika kila rangi, hiyo ni mara nane, na ziada yote 400 imekwisha. Kalenda 10,000 bado zinatimia. Ikisimama mara ya tisa katika rangi ya mwisho, mteja anapata 9,950.

Pengo hilo la 50 si dogo kama linavyoonekana. Karatasi iliyoharibika katika rangi ya kwanza imepoteza bei ya karatasi na mpito mmoja. Iliyoharibika katika rangi ya nne imebeba gharama ya rangi tatu zilizokwisha kuchapwa. Kuzifidia ni kufunga tena pleti zote nne kwa ajili ya karatasi 50. Hakuna mwenye kiwanda atakayefanya hivyo kwa furaha, na ndipo ugomvi wa siku ya kuchukua mzigo huanzia.

Sasa ilinganishwe na papara. Kurudisha kazi kwa utaratibu kukichukua dakika kumi, kwa mwendo ule ule ni kama karatasi 830 ambazo hazikuchapwa wakati huo. Zitachapwa baadaye, hazijapotea. Lakini fundi akiruka hatua ya kuzungusha polepole, na donge la karatasi likawa limebaki ndani, blanketi la mpira hubonyea mahali lilipopita. Kuanzia hapo kila karatasi hutoka na doa lililofifia mahali pale pale. Likigundulika baada ya karatasi 1,000, mzigo umepungua kwa 1,000 na blanketi jipya linahitajika. Dakika kumi zilizookolewa zimeliwa, na riba juu yake.

ANAYENUNUA MASHINE ILIYOTUMIKA

Mashine nyingi zinazonunuliwa na wawekezaji wadogo wa Afrika Mashariki zimekwisha kufanya kazi kwingine. Rangi mpya juu ya chuma haielezi lolote kuhusu swichi zilizo chini yake. Alama ya CE, inayotakiwa kwa mashine zilizouzwa mpya katika soko la Ulaya tangu 1995, ni ishara njema, lakini inaeleza mashine ilivyotoka kiwandani. Haielezi yaliyofanywa na mafundi wa baadaye.

Yapo majaribio manne ambayo mnunuzi anaweza kuomba yafanywe mbele yake, na mwendesha mashine mzoefu, kabla ya kutoa fedha.

La kwanza: mashine ikizunguka polepole, kila kitufe cha dharura kibonyezwe kwa zamu. Mashine isimame kila mara. Kitufe kimoja kisichofanya kazi kati ya vitano ni sababu ya kutosha ya kusimamisha mazungumzo ya bei.

La pili: kitufe kiachiwe. Mashine ibaki kimya.

La tatu: kikinga kimoja kimoja kifunguliwe mashine ikizunguka polepole. Isimame. Kikifungwa, isiondoke yenyewe.

La nne: swichi kuu izimwe mashine ikizunguka, kisha iwashwe. Mashine isiondoke hadi ibonyezwe.

Aidha, fundi umeme afungue kabati na kutafuta vipande vya waya vinavyoruka swichi, au sumaku zilizobandikwa ili swichi ya kikinga iamini kuwa mfuniko umefungwa. Muuzaji atakayesema vitu hivyo huchelewesha kazi amejibu swali la mnunuzi bila kujua. Mashine iliyoshindwa majaribio haya bado inaweza kununuliwa, lakini kwa bei iliyopunguzwa gharama ya kuitengeneza, na isiguswe kazi hadi itengenezwe. Rahisi ni ghali.

SHERIA NA FIDIA

Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inataka mahali pa kazi pasajiliwe, na inasimamiwa na wakala wa OSHA. Fidia ya aliyeumia kazini iko chini ya sheria ya mwaka 2008, kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015 na ambao waajiri huuchangia. Nchini Kenya zipo sheria mbili za mwaka 2007, moja ya usalama na afya kazini na nyingine ya fidia kwa wanaoumia.

Mwekezaji anayeingiza fedha katika kiwanda cha uchapaji cha mwenzake anafanya vema kuomba aone cheti cha usajili na risiti za michango, kama anavyoomba kuona hesabu za benki. Fidia inayolipwa na mfuko ni ya mfanyakazi. Hailipi siku ambazo mashine imefungwa kwa uchunguzi, wala mteja aliyekwenda kwingine, wala fundi mzoefu ambaye mkono wake hauwezi tena kupanga karatasi.

KWA MWENYE MZIGO

Mfanyabiashara asiye na mashine naye ana sehemu yake. Anayesimama mlangoni akidai kazi itoke jioni hiyo hiyo ndiye mara nyingi anayemfanya fundi aruke kengele na kuacha kikinga wazi. Makubaliano mazuri hutaja mapema karatasi za ziada ni ngapi na nani anazilipia, upungufu gani unakubalika, na siku ya kuchukua mzigo ikiwa na nafasi ya umeme kukatika. Kazi za kalenda zipelekwe kabla ya msongamano wa Desemba.

Na akifika kiwandani akakuta mashine imesimama, msimamizi yuko anaizunguka huku ufunguo wa swichi kuu uko mfukoni mwa fundi, asinung'unike. Mzigo wake uko katika mikono inayojua kazi.